Yale Niliyofunzwa na Giaboksi ya Otomatiki Katika Mbio za Mstari Mnyoofu

Miongoni mwa watu wanaofuatilia mbio za magari za mstari mnyoofu kuna imani iliyoota mizizi kwamba gari la otomatiki humwachia dereva kazi ya kukanyaga mafuta peke yake, na kwamba ustadi halisi uko kwa yule anayepambana na klachi na kubadilisha gia kwa mkono. Nimeshindana kwa magari ya aina zote mbili, na kadiri nilivyoendelea kulizoea gari la otomatiki ndivyo nilivyozidi kuona kwamba imani hiyo inalitazama jambo kwa upande mmoja. Gari la gia za mkono likichelewa, sababu zinaweza kuwa nyingi: klachi iliachiwa mapema, gia iligoma kuingia, mkono ulisita. Gari la otomatiki, likiwa zima, hurudia kazi ile ile kwa namna ile ile, kwa hiyo muda unapobadilika kati ya mkimbio mmoja na mwingine, sababu yake hutafutwa mahali pachache tu: kwenye miguu ya dereva, kwenye joto la oili, kwenye matairi na lami, au kwenye hewa. Karibu kila ninachokijua kuhusu mbio hizi nimekipata kwa kuzifuatilia sababu hizo moja baada ya nyingine.

Mbio zenyewe ni rahisi kuzieleza. Magari mawili hupangwa sambamba, kila moja katika njia yake, na hukimbia robo maili, yaani mita 402, au nusu ya umbali huo, mita 201. Mwisho wa mkimbio dereva hupewa karatasi ya muda, na karatasi hiyo ndiyo mwalimu niliyemwamini kuliko sifa za watazamaji na kuliko hisia zangu mwenyewe. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba ina saa mbili zisizotegemeana. Muda wa mwitikio huhesabiwa kuanzia taa ya kijani inapowaka hadi gari linapoondoka, ilhali muda wa safari huanza kuhesabiwa pale tu magurudumu yanapouacha mwale wa mwanga kwenye mstari wa kuanzia. Dereva anaweza kusimama baada ya taa ya kijani, akaondoka akiwa amechelewa sana, na bado akapata muda mzuri wa safari. Akashindwa mbio huku gari lake likiwa ndilo lililokwenda kasi zaidi. Karatasi pia huonyesha muda wa kufikia futi 60, ambazo ni kama mita 18, na hapo ndipo macho yangu huenda kwanza. Sehemu moja ya kumi ya sekunde ikiokolewa katika mita hizo chache, faida inayoonekana kwenye mstari wa kumalizia huwa kubwa kuliko sehemu hiyo moja, kwa sababu gari hubeba kasi ya ziada katika umbali wote uliobaki.

Katika gari la otomatiki, mita hizo 18 ni kazi ya konveta. Kifaa hiki hukaa kati ya injini na giaboksi, mahali ambapo gari la gia za mkono lina klachi. Ndani yake kuna impela inayozungushwa na injini, turbini inayozungusha shafti ya kuingilia kwenye giaboksi, na katikati yao kuna steta, huku vyote vikiogelea ndani ya oili. Impela huirusha oili kwenye turbini, na steta huigeuza oili inayorudi ili iisukume impela badala ya kuipinga. Kwa sababu ya steta hiyo, konveta haihamishi nguvu ya mzunguko tu bali pia huiongeza, na gari linapokuwa limesimama ongezeko hilo huweza kufikia mara mbili au zaidi kidogo. Giaboksi ya Hydra-Matic, ambayo General Motors iliileta katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, ilikuwa na kiungo cha oili kisicho na steta, hivyo haikuwa na ongezeko hilo, na ilitegemea gia zake nne kufidia pengo.

Kila konveta ina kikomo chake, yaani idadi ya mizunguko ambayo injini huifikia pale gari linapokuwa kwenye gia, limezuiwa, na mafuta yamekanyagwa. Magari mengi ya kawaida yana kikomo kilicho karibu na mizunguko 2,000 kwa dakika, ilhali magari ya mashindano hutumia konveta zenye kikomo cha 3,000, 4,000 au hata zaidi. Sababu ya kupandisha kikomo ni kwamba injini nyingi hazina nguvu ya kutosha katika mizunguko ya chini, kwa hiyo konveta iliyolegea zaidi huiruhusu injini kupanda haraka hadi mahali inapotoa nguvu yake kabla gari halijaanza kukimbia. Wapo wanaodhani kwamba kikomo cha juu zaidi ndicho bora zaidi, nami siwaungi mkono. Konveta iliyolegea kupita kiasi huendelea kuteleza hata mwishoni mwa njia, na kile kinachopatikana kwenye futi 60 hupotea kwenye kasi ya kumalizia, huku oili ikipata joto bila sababu. Konveta huchaguliwa kwa kuzingatia uzito wa gari, nguvu ya injini, uwiano wa gia za difu na ukubwa wa matairi kwa pamoja, na kikomo kinachotajwa kwa konveta hubadilika ikifungwa kwenye injini yenye nguvu tofauti.

Mbinu ninayoitumia kuondoka ni ya mguu wa kushoto kwenye breki na wa kulia kwenye mafuta. Nikiwa nimesimama mahali pangu naongeza mafuta polepole hadi injini ifikie mizunguko niliyoikusudia, huku breki ikilizuia gari. Jambo linalohitaji mazoezi marefu ni kujua kiwango ambacho breki bado inashinda na matairi bado yamekamata. Kila gari lina kiwango chake. Nilipoanza kuandika idadi ya mizunguko ya kila mwondoko kando ya muda wa futi 60, niligundua kwamba muda bora haukupatikana katika mizunguko ya juu kabisa ambayo breki iliweza kuivumilia, bali chini kidogo ya hapo, ambapo gari halikusukumana na breki na matairi hayakupoteza sehemu ya kwanza ya mzunguko kwa kuteleza. Kwenye matairi ya kawaida ya barabarani ilinifaa zaidi kuondoka karibu na mizunguko ya kawaida ya injini iliyotulia kisha kukanyaga mafuta kwa mfululizo mmoja laini, kuliko kuipandisha injini kabla.

Magari yenye turbo yana manufaa ya ziada hapa, kwa kuwa kuibana injini dhidi ya breki hujenga shinikizo la hewa kabla ya kuondoka, na hivyo kuondoa ule usingizi wa mwanzo. Lakini magari mengi ya sasa yana kompyuta inayopunguza nguvu pindi inapoona breki na mafuta vimekanyagwa pamoja, na mengine huwa na mpango maalumu wa kuondokea ambao lazima uwashwe kwa utaratibu wake. Huo ni wakati wa kusoma kitabu cha gari. Magari yaliyojengwa kwa mashindano hutumia breki ya giaboksi, ambayo huingiza gia ya kwanza na ya nyuma kwa wakati mmoja ili shafti isizunguke kabisa. Dereva akiachia kitufe, gia ya nyuma huachia na gari huondoka mara moja. Dodge Challenger SRT Demon ya mwaka 2018 ilitoka kiwandani ikiwa na kifaa hicho, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa la karakana za mashindano.

Ubanaji huo una gharama, na gharama yake ni joto. Gari likiwa limesimama huku injini inavuta, hakuna kazi inayofanyika kwenye magurudumu, kwa hiyo karibu nguvu yote ya injini huishia kwenye oili ya konveta kama joto. Sekunde mbili au tatu giaboksi nzima huzivumilia. Ubanaji mrefu hupandisha joto kwa kasi ya kutisha. Kwa hiyo siibani injini mpaka niwe na hakika kwamba mpinzani wangu naye amejipanga na kwamba taa ziko karibu kuanza.

Kuhusu taa zenyewe, mti wa taa, yaani nguzo ya taa inayowapa madereva ishara ya kuanza, ulianza kutumika katika mbio hizi mwaka 1963, na umebaki kuwa kifaa kinachotenganisha madereva kuliko injini zao. Katika mpangilio wa kawaida taa tatu za njano huwaka moja baada ya nyingine kwa kupishana nusu sekunde, kisha kijani. Katika mpangilio wa magari ya daraja la juu zote tatu huwaka pamoja, na kijani hufuata baada ya sekunde 0.4. Anayesubiri kijani kwenye mpangilio wa kawaida amekwisha kuchelewa. Ubongo wa mtu huchukua muda kuuamuru mguu, na gari nalo huchukua muda wake kuinuka, konveta kukaza na tairi la mbele kuuacha mwale. Nimejizoeza kuachia breki ninapoiona taa ya njano ya mwisho ikiwaka, kisha kurekebisha kwa kutumia mambo mawili: mizunguko ya kuondokea, kwa sababu injini iliyobanwa zaidi huliondoa gari upesi zaidi, na kina cha kujipanga, yaani jinsi tairi la mbele lilivyoingia ndani ya mwale wa pili kati ya miale miwili ya mwanga inayokatiza mwanzo wa njia. Gari lililoingia kidogo tu kwenye mwale wa pili lina nafasi ndefu zaidi ya kuviringika kabla saa ya safari haijaanza, na hivyo hupata muda mzuri zaidi wa safari. Lililoingia ndani zaidi huuacha mwale mapema na kuboresha mwitikio, lakini humweka dereva karibu zaidi na taa nyekundu, ambayo huwaka gari likiondoka kabla ya kijani na kumnyima ushindi.

Katika kujipanga huko gari la otomatiki lina neema ambayo sijaona ikisifiwa ipasavyo. Likiwa kwenye gia hutambaa lenyewe bila kuguswa mafuta, kwa hiyo dereva hulisogeza kwa kulegeza breki tu, kidogo kidogo, mpaka taa ya pili ya kujipanga iwake, kisha hukaza. Nikijipanga kwa kina kile kile kila mara, karatasi za muda hulinganishika. Nisipofanya hivyo, nimechanganya mambo mawili na siwezi kujua ni lipi lililobadilisha namba.

Baada ya mwondoko swali ni kama gia zibadilishwe na gari lenyewe au na dereva. Jibu langu hutokana na kujaribu njia zote mbili siku moja, katika hewa moja, na kulinganisha karatasi. Magari mengi yaliyopangwa na kiwanda hubadilisha gia mahali pazuri pindi mafuta yanapokanyagwa hadi mwisho, na dereva anayeingilia kati hupoteza muda. Mengine hubadilisha mapema mno kwa ajili ya kuilinda injini, na hapo kubadilisha kwa mkono huleta faida. Sharti la kukumbuka ni kwamba kati ya amri ya dereva na giaboksi kutii kuna kuchelewa, kwa hiyo mtu anayetaka gia ibadilike kwenye mizunguko 6,400 hulazimika kuamuru kabla ya hapo. Kwa kawaida mahali pazuri pako juu kidogo ya kilele cha nguvu cha injini, ili gia inayofuata iikute injini ikiwa bado karibu na kilele hicho. Wingi wa gia nao haupaswi kumdanganya mtu. Powerglide ya General Motors, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1950 hadi 1973, ina gia mbili tu, na bado inapendwa sana katika mashindano, kwa kuwa ni nyepesi, hunyonya nguvu kidogo ya injini, na hubadilisha gia mara moja tu katika njia nzima. Gari lenye nguvu nyingi na uzito mdogo halihitaji zaidi. Gari zito la barabarani, kwa upande wake, hunufaika na giaboksi za kisasa zenye gia nane, ambazo huiweka injini karibu na kilele chake muda wote.

Jambo lililobadilisha namna yangu ya kushindana kuliko yote, hata hivyo, ni kuheshimu joto la giaboksi. Oili iliyo kwenye nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi inafanya kazi yake vizuri. Ikipita nyuzi 120 huanza kuharibika haraka, na oili iliyoharibika huziachia klachi za ndani ziteleze, nazo zikiteleza huzalisha joto jingine. Kabla joto halijafikia kiwango cha kudhuru, tayari limekwisha kuharibu uthabiti. Oili moto ni nyepesi, shinikizo lake hubadilika, na gia huingia kwa namna tofauti na ilivyokuwa asubuhi. Nilipofunga rejeta ya ziada ya oili ya giaboksi pamoja na geji ya joto, namba zangu za mchana zilianza kufanana na za asubuhi. Kwenye foleni nazima injini na kulisukuma gari kwa mkono badala ya kulitambaza kwenye gia, nafungua boneti, na siingii kwenye mkimbio mpaka geji irudi kwenye kiwango kile kile nilichoanzia. Mkimbio unaofuata mwingine papo hapo haunifundishi chochote, kwa sababu gari lililoingia njiani si lile lile.

Hewa na matairi nayasema kwa ufupi. Hewa yenye joto na unyevu, au ya mahali pa juu, ina oksijeni kidogo, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachoonekana wazi kwenye karatasi. Matairi ya mashindano hupitishwa kwenye maji na kuzungushwa ili yasafike na kupata joto. Matairi ya barabarani yenye mifereji hayafai kupita humo, kwa maana hubeba maji hadi kwenye mstari wa kuanzia na kumharibia hata anayefuata nyuma.

Tabia ya gari la otomatiki ya kujirudia huonekana kwa ukamilifu katika mashindano ya muda uliotangazwa. Kila dereva huandika muda anaotarajia gari lake litumie, na gari la polepole hupewa nafasi ya kutangulia. Gari lililotangaza sekunde 14.20 likikutana na lililotangaza 12.70, la kwanza huona kijani sekunde 1.50 mapema. Anayefika kwanza hushinda, isipokuwa akikimbia haraka kuliko muda wake mwenyewe, kwani huko kuuvunja muda humnyima ushindi, ila tu kama mpinzani naye ameuvunja wake kwa tofauti kubwa zaidi au amewasha taa nyekundu. Katika mashindano haya gari la familia linaweza kulishinda gari la gharama kubwa kwa haki kabisa. Hapo ndipo nilipopata furaha yangu kubwa katika michezo ya magari, kwa sababu kinachopimwa ni jinsi dereva anavyolijua gari lake hadi sehemu za mia za sekunde.

Haya yote ni ya kwenye njia rasmi yenye vizuizi, wasimamizi na huduma ya dharura. Sijawahi kukubali kushindana barabarani na sitakubali, kwa kuwa mtu anayekatiza barabara hakushauriwa kuhusu hatari hiyo. Hata kwenye njia rasmi giaboksi inaweza kuua. Tarehe 8 Machi 1970, giaboksi ya gia mbili ya gari la Don Garlits, dereva maarufu wa mbio hizi, ililipuka kwenye njia ya Lions huko California na kumkata sehemu ya mguu. Tukio hilo lilimsukuma kujenga gari lenye injini nyuma ya dereva, muundo ambao baadaye ulienea katika daraja lake lote. Kanuni za NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi Marekani, hudai kofia ya kinga kwa gari linalotumia sekunde 13.99 au chini katika robo maili, na kinga ya kuzuia vipande vya giaboksi ya otomatiki kwa linalotumia 10.99 au chini. Hudai pia kwamba gari lisiweze kuwaka likiwa kwenye gia, na kwamba wenzo wa gia uwe na kizuizi cha kuingia gia ya nyuma kwa bahati mbaya. Vizuizi hivyo viwili navikagua kabla ya kila siku ya mashindano, hata kwenye gari ambalo halijabadilishwa chochote.

Baada ya mstari wa kumalizia naachia mafuta na kuliacha gari kwenye gia lipunguze kasi, kisha nafuata kwa breki ya taratibu. Siliweki kwenye gia huru nikiwa kasini, kwa sababu injini haitasaidia tena kulipunguza, na katika baadhi ya giaboksi vipande vya ndani huzunguka kwa kasi ambavyo havikutengenezwa kuivumilia. Nikifika mahali pa kuegesha naiacha injini iungurume kwa muda ili pampu iendelee kuizungusha oili kwenye rejeta, na hapo naweka gia huru wala si ya kuegeshea, huku breki ya mkono imekazwa. Giaboksi za zamani za Torqueflite, kwa mfano, hazipeleki oili kwenye konveta zikiwa kwenye gia ya kuegeshea. Ndipo nachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyekundu isiyo na harufu kali inaniruhusu kuendelea. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua inanirudisha nyumbani siku hiyo hiyo. Oili naibadilisha mapema zaidi ya ratiba ya kiwanda, na kila ninapofungua sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, naitazama sumaku iliyo chini yake: unga laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma, au vipande vya utando wa klachi ndani ya oili, vina maana kwamba giaboksi inashushwa kabla ya gari kuingia tena kwenye mstari wa kuanzia.